Namna ya Kuanza Kukimbia Dodoma, na Kutoacha Baada ya Wiki Tatu

Kila mwanzo wa mwaka, ukitoka alfajiri katika mitaa ya Ilazo, Kisasa au Area D, utakutana na sura mpya barabarani: raba bado nyeupe, fulana imenyooka, pumzi ziko juu juu. Ikifika Machi, wengi wao hawaonekani tena. Watu hawa si wavivu, maana mvivu hakatizi usingizi wake saa kumi na moja alfajiri. Shida yao, kwa jinsi nilivyoiona katika miaka ambayo nimekuwa nikikimbia katika mji huu, ni kwamba wanataka sababu iliyowatoa kitandani siku ya kwanza iwatoe pia siku ya arobaini, ilhali sababu ya kuanza ni nyingine na sababu ya kudumu ni nyingine, na hii ya pili hupatikana barabarani kwenyewe, baada ya majuma kadhaa.

Sababu za kuanza tunazijua. Presha imepanda, sukari imesogea, suruali haifungi, rafiki ametuma picha ya medali, au mtu amefiwa na anatafuta mahali pa kupeleka uzito wa moyo wake. Zote ni halali. Mimi nilianza baada ya kupimwa presha na kuambiwa nirudi baada ya wiki mbili. Nikakimbia wiki hizo mbili kwa hofu, kipimo kikatulia, hofu ikaondoka, nami nikaacha siku iyo hiyo. Kwa hiyo iandike sababu yako mahali utakapoiona, kwa maneno mahususi kama vile "nataka kupanda ngazi za ofisini bila kusimama", lakini usiifanye nguzo pekee, kwa kuwa sababu iliyojengwa juu ya hofu au aibu hudumu kadiri hofu na aibu zinavyodumu.

Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan, ambao kwa miaka mingi walifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, wanaeleza kwamba mtu hushikamana na jambo pale anapohisi kuwa amelichagua mwenyewe, kwamba analiweza, na kwamba yupo pamoja na wengine katika kulifanya. Nimeyapima maelezo hayo barabarani na kuyaona ya kweli, na sehemu kubwa ya ushauri ninaoutoa hapa ni njia za kuyapata mambo hayo matatu katika mazingira yetu.

Kati ya hayo matatu, kuhisi kwamba hauliwezi jambo ndiko kunakovunja watu mapema zaidi, kwa sababu anayeanza hukimbia kama anayefukuzwa. Dakika ya nne kifua kinawaka, mbavu zinachoma, naye anarudi nyumbani akiamini kwamba mwili wake haukuumbwa kwa mbio. Anza hivi: kimbia dakika moja, tembea mbili, rudia mara nane, kisha rudi nyumbani hata kama unajisikia kuendelea. Fanya hivyo siku tatu kwa wiki, ukipumzika siku moja kati ya zoezi na zoezi, na baada ya kila wiki mbili ongeza muda wa kukimbia na upunguze wa kutembea. Kipimo cha mwendo sahihi hakihitaji saa ya gharama. Waliosoma shule za msingi za nchi hii wanaukumbuka mchakamchaka wa asubuhi, ambapo mmoja huimbisha na wengine huitikia. Hakuna anayeweza kuitikia wimbo huku akihema kwa kukosa pumzi. Ukiona huwezi kutamka sentensi nzima unapokimbia, punguza mwendo. Wenye ugonjwa wa moyo, kisukari au maumivu ya kifua wamwone daktari kabla ya yote haya.

Sasa muda. Dodoma ina miezi mingi mikavu, kuanzia Mei hadi Novemba, na mchana wake haumhurumii mkimbiaji. Ikifika saa tatu asubuhi, hasa Oktoba na Novemba, jua limeshakuwa kali na kivuli ni cha kutafuta. Jioni ya Julai na Agosti upepo hubeba vumbi linaloingia machoni na kooni. Alfajiri ndiyo saa yetu, lakini kumbuka kwamba hapa jua huchomoza karibu saa moja kasorobo mwezi wa Julai, na mapema zaidi, kama saa kumi na mbili na robo, mwezi wa Novemba, kwa hiyo anayetoka saa kumi na moja na nusu atakimbia gizani kwa sehemu kubwa ya mwaka. Vaa nguo ya rangi nyeupe au inayong'aa, kimbia ukielekeana na magari, na uchague barabara unayoyajua mashimo yake.

Uamuzi wa kutoka ufanywe usiku. Kichwa chenye usingizi ni wakili hodari: kitakutajia baridi, kikao cha saa mbili na goti lililouma juzi. Usikipe nafasi ya kujadiliana nawe. Nguo ziwe juu ya kiti, soksi zimeingizwa ndani ya raba, raba ziko mlangoni zikiwa zimekung'utwa mchanga, funguo ya geti iko ndani ya raba ya kulia. Jambo hili la funguo linaonekana dogo mno, lakini kuitafuta gizani kumenirudisha kitandani mara nyingi kuliko mvua. Kuhusu raba zenyewe, za mtumba zinafaa, mradi uzikague: zibonyeze soli kwa kidole gumba uone kama bado zina ulaini, na uache zile zilizolika kisigino upande mmoja.

Utaratibu huo unachukua muda kuwa desturi. Phillippa Lally na wenzake wa University College London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010 na kuhusisha watu 96, walikuta kwamba tendo jipya lilichukua wastani wa siku 66 kuwa mazoea. Kwa wengine lilichukua siku 18 tu, na kwa wengine makadirio yalifika siku 254. Walikuta pia kwamba kukosa siku moja hakuharibu safari nzima. Maneno haya nayarudia kwa kila anayeanza, kwa sababu wengi hukosa Jumatano, wakajihukumu Alhamisi, na Jumamosi wakawa wameshaacha.

Mwenzako wa barabarani ana nguvu kuliko hamasa yoyote. Wangu ni mwalimu mstaafu wa jirani, mzee wa mwendo mfupi usiobadilika, ambaye hunikuta getini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Twende taratibu, hadi kwenye mbuyu."

Hasemi zaidi ya hapo hadi tufike kwenye mbuyu, lakini kujua kwamba amesimama nje kwenye baridi kunatosha kuniamsha. Kwa akina dada na akina mama jambo hili lina uzito mkubwa zaidi, maana kukimbia peke yako gizani kunatia wasiwasi wa haki. Watafute wenzako wawili au watatu, au ujiunge na moja ya vikundi vya jogingi vya mtaa, ambavyo kwa kawaida hukutana Jumamosi au Jumapili na huwakaribisha wageni bila kuwauliza kasi yao.

Kisha chagua cha kuhesabu. Ukihesabu kasi, utavunjika moyo, kwa kuwa kasi hupanda na kushuka. Hesabu siku ulizotoka, kwa alama kwenye kalenda ya ukutani. Eneo hili limetoa walimu wa uvumilivu wa aina hiyo. Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma, alishika nafasi ya pili katika mbio za marathoni za Boston, Marekani, miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, ile ya kwanza akizidiwa kwa sekunde moja. Katikati ya miaka hiyo, Novemba 1989, alishinda marathoni ya New York kwa saa 2:08:01. Alphonce Simbu wa Singida alipata medali ya shaba ya marathoni katika mashindano ya dunia ya London mwaka 2017, akasubiri miaka minane hadi dhahabu ya Tokyo mwaka 2025, aliyoipata kwa tofauti ndogo mno kiasi kwamba yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda mmoja, saa 2:09:48. Miaka ile ya katikati ndiyo ninayomwonyesha anayelalamika kwamba mwezi wa pili hauonyeshi mabadiliko.

Kujiandikisha katika mbio za kilomita 5 husaidia, ila panga pia utakachofanya Jumanne inayofuata, kwani wengi huacha wakiwa na medali shingoni.

Na ukiugua, usianzie ulipoishia. Nilipotoka kwenye malaria nilirudi kwenye dakika moja ya kukimbia na mbili za kutembea kwa wiki nzima, na mwalimu, ambaye angeweza kutangulia, alitembea nami kila nilipotembea. Kufikia hapo nilikuwa sijapima presha kwa miezi mitano, na nilikuwa nimeukumbuka mbuyu.