Jinsi ya kununua ushanga na vitambaa vya kufumwa kwa mkono bila kugombana na fundi

Mimi natunga ushanga. Shemeji yangu anafuma, na kitanda chake cha mfumi, yaani cha kufumia nguo, kimemeza nusu ya chumba tunachofanyia kazi huku Kisauni, Mombasa. Tunawauzia wapita njia na wanaoagiza kwa simu. Kwa hiyo nakuandikia nikiwa upande wa muuzaji, na huenda ukashangaa kuona nakufundisha namna ya kunikagua. Mteja anayejua kukagua hanisumbui hata kidogo. Anayeninyima usingizi ni yule anayesema "nitengenezee kitu kizuri tu, wewe unajua," halafu mzigo ukifika anagundua kwamba alikuwa na picha yake kichwani tangu mwanzo.

Hatua ya 1: Jua kitu unachokitaka kinaitwaje

Leso na kitenge havikufumwa na fundi wa mtaani. Vimepigwa chapa kiwandani, na ni nguo nzuri, ila usilipe bei ya mkono kwa kazi ya mtambo. Kikoi ndicho kinachochanganya watu, maana mistari yake imo ndani ya ufumaji wenyewe, haikuchapwa juu. Hata hivyo vikoi vingi vinavyotembezwa ufukweni vimefumwa kwa mashine, vingine vikatoka India. Vya kitanda cha mkono vipo, ila si vingi, na bei yake haifanani na ya ufukweni.

Kwenye mapambo pia sema jina: bangili ya ushanga, kidani, hereni za shaba, pete ya fedha. Kila kimoja kina fundi wake. Mimi sifui fedha. Pete nzuri utaipata kwa sonara, na wa Lamu wana pete zilizopachikwa vigae vya vyombo vya kale vya Kichina. Ukiniomba mimi pete, nitakwenda kuinunua kwake na kukuongezea bei.

Hatua ya 2: Jua kama unaongea na fundi au mchuuzi

Mchuuzi si mtu mbaya. Wengi wa wauzaji wa Maasai Market za Nairobi ni wachuuzi, na kama unataka bangili leo uondoke nayo, nenda kwao. Lakini ukitaka kuagiza rangi yako na kipimo chako, tafuta mwenye sindano mkononi.

Namna ya kumjua ni rahisi. Uliza: "Ushanga huu ni namba ngapi?" Au kwa mfumaji: "Mtande una nyuzi ngapi?" (Mtande ni nyuzi za urefu zinazovutwa kitandani kabla ya kufuma.) Kisha omba picha ya kazi ikiwa haijaisha. Fundi atakujibu na ataendelea kuongea mpaka uchoke. Mchuuzi atakwambia ni "original".

Hatua ya 3: Kagua ushanga

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo kazi yangu.

Anza na namba. Namba za ushanga huenda kinyume: namba 8 ni mkubwa, kama milimita 3, namba 10 ni kama milimita 2.3, namba 11 ni mdogo zaidi. Kadiri shanga zinavyokuwa ndogo ndivyo kazi inavyokuwa ndefu, na ndivyo bei inavyopanda. Ukiona bangili mbili za upana mmoja na bei tofauti, hesabu safu kabla hujalalamika.

Pili, mahali ushanga ulikotoka. Ushanga wa kioo wa Cheki una shanga zinazolingana, na safu yake hukaa kama imepigwa rula. Wa bei rahisi una shanga nene na nyembamba ndani ya pakiti moja, na fundi asiyezichambua hupata safu inayopinda kama njia ya ng'ombe. Mimi humwaga kwenye sahani, nikatoa mbovu kwa ncha ya sindano. Katika pakiti mbaya natupa nyingi mpaka roho inauma.

Tatu, kioo au plastiki. Gusisha shavuni: kioo ni baridi, plastiki haina baridi hiyo na ni nyepesi mkononi. Kisha chukua kitambaa cheupe, kiloweshe spiriti kidogo, sugua shanga za upande wa ndani. Rangi ikitoka kwenye kitambaa, ujue ilipakwa juu na jasho la mwezi mmoja litaimaliza.

Nne, geuza. Watu wengi hutazama uso tu. Upande wa nyuma ndiko kunakoonekana mafundo, ncha za uzi na haraka ya fundi. Vuta kifungo kwa nguvu ya kawaida, ile utakayotumia ukivua bangili usiku ukiwa na usingizi. Kama uzi unaonekana ukinyooka kwenye shina la kifungo, mwombe arudie kushona mbele yako. Ni dakika tano, wala hatakasirika.

Kwa hereni, uliza kulabu zake ni za nini. Masikio ya watu wengi huwashwa na nikeli. Omba fedha au chuma cha pua, uongeze pesa kidogo. Na kama umenunua fedha, tafuta alama ya 925. Usitegemee sumaku: ikinata si fedha, lakini isiponata haijathibitisha kitu, kwa sababu shaba nayo hainati.

Hatua ya 4: Kagua kitambaa

Kinyanyue dhidi ya mwanga. Kazi ya mkono ina mapigo: mahali uzi umebanwa zaidi, mahali umeachia kidogo, kama kupumua. Tofauti ndogo ya namna hiyo ni ya kawaida. Tundu, au mstari mtupu usio na mshindio (uzi unaopita kimapana) kabisa, ni kosa, na uombe kupunguziwa.

Kisha tembeza kidole kwenye ukingo. Kwenye kitanda cha mkono mshindio ni uzi mmoja unaokwenda na kurudi, kwa hiyo ukingoni utauona unageuka na kuingia tena ndani. Ukikuta ncha zilizokatwa zimesimama kama mswaki, hicho kimetoka kwenye mashine ya kisasa. Kuna mashine za zamani nazo zinageuza uzi, basi usihukumu kwa ukingo peke yake. Tazama na matamvua. Yaliyosokotwa kwa mkono hayalingani yote, na ukiweka vitambaa viwili pamoja utakuta kimoja kimemzidi mwenzake sentimita moja au mbili.

Shuka pana ikiwa na mshono katikati, usikunje uso. Upana wa kitambaa unategemea upana wa kitanda na urefu wa mikono ya mfumaji, hivyo mapande mawili huungwa.

Pamba tupu au imechanganywa? Omba uzi mmoja wa tamvua, uuchome nje, mbali na nguo. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka na kuganda kitone kigumu. Kwa rangi, lowesha pembe ya kitambaa cheupe cha mkononi na uisugue juu ya rangi nzito, nyekundu au bluu. Shemeji hujifanyia jaribio hilo mwenyewe kabla kitambaa hakijatoka chumbani, tangu kikoi kimoja chekundu kilipochuja kwenye kanzu ya mteja siku ya Idi. Kanzu tuliilipa.

Hatua ya 5: Agiza kwa vipimo, si kwa maneno

Mwaka mmoja mama mmoja aliniagizia bangili kumi na mbili za harusi ya bintiye. Nikamuuliza kipimo, akasema, "Mkono wa kawaida, mwanangu." Nikatunga kwa mkono wa kawaida, yaani wangu. Saba hazikufunga. Kosa nililihesabu kuwa langu, nikafumua usiku kucha.

Kwa hiyo: zungusha uzi kwenye kifundo cha mkono bila kubana, ulaze kwenye rula, ongeza sentimita 1. Hiyo ni kwa bangili yenye kifungo. Kama ni ya duara isiyofunguka, kunja kidole gumba ndani ya kiganja na upime mahali mkono ulipo mpana kabisa. Kwa kitambaa andika urefu, upana, na kama matamvua yamehesabiwa ndani. Uliza pia kama kimeshafuliwa. Pamba ya kufumwa kwa mkono huweza kunywea asilimia 5 hadi 10 ikifuliwa mara ya kwanza, na kwenye kitambaa cha mita 2 hizo ni sentimita 10 hadi 20.

Rangi usiniambie "kijani". Piga picha mchana, karibu na dirisha, ukiweka kando kitu tunachokijua wote: limau, majani ya mchai, kifuniko cha soda. Simu yako na yangu hazioni rangi sawa.

Hatua ya 6: Elewa bei kabla ya kuivuta chini

Bangili yangu ya kawaida inakula ushanga wa shilingi 80 hivi, uzi na kifungo shilingi 25, na saa tatu za macho yangu. Naiuza 500. Ukitaka 250, unaweza kuipata, ila nitatumia ushanga mkubwa na safu chache. Niambie hivyo tangu mwanzo: "Nina 250, unaweza kunipa nini?" Sentensi hiyo naipenda kuliko kuvutana.

Kwa kitambaa kuna siri ambayo wanunuzi wengi hawaijui. Gharama kubwa haiko kwenye kufuma, iko kwenye kutanda nyuzi za mtande. Skafu ya upana wa sentimita 50 yenye nyuzi 8 kwa kila sentimita ina nyuzi 400 za mtande. Zote huvutwa kwa urefu mmoja, kisha kila moja hupitishwa kwenye tundu lake kwa mkono, na ukikosea ya 137 unagundua ukiwa umefika ya 390. Nimemwona shemeji akikaa kimya dakika nzima, kisha akaanza kuzichomoa. Kazi hiyo ni ileile ukitaka skafu moja au skafu sita. Ndiyo maana moja ya rangi yako peke yako ni ghali, na sita za mtande mmoja bei hushuka kwa kila moja. Ungana na dada zako. Mshindio unaweza kubadilishwa, kila mtu akapata rangi yake kidogo.

Hatua ya 7: Lipa kwa awamu, na andika

Nusu mwanzo, nusu kazi ikiisha na picha imeshatumwa. Fundi anayedai yote kabla hajanunua uzi, mwogope kidogo. Mteja asiyetaka kutoa hata shilingi, mimi pia namwogopa. Kwenye M-Pesa soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Ukikosea namba, peleka ujumbe wa malipo uliopokea kwenda 456 papo hapo. Huduma hiyo ni ya pesa zilizopotea njia, si ya kusuluhisha ugomvi wa mzigo.

Andika ujumbe mmoja wenye vipimo, rangi, idadi, bei, tarehe, nani analipa usafiri. Mmoja tu, si sauti kumi na tatu za WhatsApp.

Hatua ya 8: Kusafirisha

Ndani ya Kenya, basi linatosha. Omba picha ya risiti ya mzigo. Walio nje wapige hesabu ya kodi kabla: Umoja wa Ulaya tangu 1 Julai 2021 vifurushi vidogo navyo vinatozwa VAT, na Marekani iliondoa msamaha wa mizigo ya chini ya dola 800 tarehe 29 Agosti 2025.

Na usinunue pambo la pembe ya ndovu wala gamba la ng'amba, hata ukiambiwa ni la bibi yake. Ni kosa kwa sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013, na uwanja wa ndege hautakuelewa. Mfupa na pembe za ng'ombe ni halali, na zikisuguliwa vizuri zinapendeza. Mwambie fundi aandike "ng'ombe" kwenye risiti.

Hatua ya 9: Mzigo ukifika

Fungua siku hiyohiyo, mchana, ukipiga picha. Kasoro nieleze ndani ya siku mbili, si baada ya sherehe. Kitambaa kifue peke yake kwa maji baridi, ukianike kivulini. Bangili ivue kabla ya kuoga. Kioo hakijali maji, lakini uzi na ngozi ya bangili vinajali. Shaba ikififia, isugue kwa ndimu na chumvi, uisuuze, uikaushe.

Uzi ukikatika, usitupe shanga. Ziokote zote, hata zilizoingia chini ya kochi, uzitie kwenye bahasha unirudishie pamoja na bangili. Rangi ileile huenda isipatikane tena sokoni, na zako ndizo zitakazolingana.