Viza ya H-2A ya kazi za shamba Marekani: someni hapa kabla ya kuuliza

Wakuu, kila nikifungua ujumbe nakuta swali lile lile: "Naombaje viza ya shamba Marekani?" Najibu mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Hatua ya 1. Huombi wewe, anaanza mwajiri. Mwenye shamba huithibitishia Wizara ya Kazi ya Marekani kwamba amekosa wafanyakazi wa huko, kisha hupeleka ombi USCIS, idara ya uhamiaji. Kabla ya hapo huna fomu ya kujaza.

Hatua ya 2. Tafuta kazi. Wizara hiyo huzitangaza bure kwenye seasonaljobs.dol.gov: shamba, zao, mshahara, tarehe.

Hatua ya 3. Usimlipe mtu ili upate kazi. Hapa ndipo watu wanapoumia, someni taratibu. Sheria inamkataza mwajiri na wakala wake kumtoza mfanyakazi ada ya kumpatia kazi. Waiite usajili, mafunzo au dhamana, ni ile ile. Mtu anauza shamba lake ili akavune la mwenzake, halafu anaangukia kwa tapeli. Hata wakala akiwa wa kweli, ikigundulika kuwa ulitozwa, ombi la mwajiri linaweza kukataliwa au kufutwa, na kibarua kikaota nyasi kabla hujakianza. Wakala akikufundisha kumwambia ofisa wa ubalozi "sijalipa chochote" ilhali umelipa, achana naye: uongo kwenye ombi la viza unaweza kukufungia mlango wa Marekani maisha. Pasipoti unaigharamia mwenyewe, lakini usimwachie mtu akutunzie.

Hatua ya 4. Dai nakala ya mkataba kwa lugha unayoielewa, si baada ya siku unayoomba viza. Nyumba ni bure. Chakula ni milo mitatu kwa makato yaliyoandikwa, au jiko la kupikia. Nauli ya kwenda, kama ulijilipia, unarudishiwa ukifika nusu ya mkataba. Ya kurudi inamhusu mwajiri ukimaliza.

Hatua ya 5. Jaza DS-160, fomu ya mtandaoni ya kuombea viza, weka miadi, nenda kwenye mahojiano. Sema kweli na uoneshe una kwenu pa kurudi.

MASWALI

Kijana_Kazi: Mkuu nitumie namba ya wakala inbox.
Jibu: Sina na sitatuma. Hatua ya 3.

Tunu: Asante kwa somo. Si kuna orodha ya nchi zinazoruhusiwa?
Jibu: Dada Tunu, umeuliza la maana. Orodha ilikuwepo, ikaondolewa kuanzia tarehe 17 Januari 2025. Ila ujue viza nyingi mno, zaidi ya asilimia 90, huenda kwa watu wa Meksiko. Wakulima wa Marekani wana mawakala wao kule tangu zamani na nauli ni nafuu. Kwa hiyo mlango uko wazi, lakini foleni si sawa kwa wote.

Mpambanaji: Nikishafika si nahamia hotelini tu? Acha kukatisha watu tamaa.
Jibu: Viza hiyo inakufunga kwa mwajiri aliyekuombea. Shamba jingine linaweza kukuombea, hoteli haiwezi kwa H-2A. Anayekuambia utoroke hatakuwepo siku ukikamatwa.

Mfugaji: Nina uzoefu wa ng'ombe wa maziwa. Inafaa?
Jibu: Kwa kawaida hapana, ndugu. Kazi lazima iwe ya msimu au ya muda, na ng'ombe hukamuliwa mwaka mzima. Wafugaji wa kule wamelilalamikia hilo miaka mingi. Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada mwaka 2019 na tena 2021, ambao ungeruhusu baadhi ya nafasi za mwaka mzima na kuwapa wafanyakazi wa siku nyingi njia ya ukaazi wa kudumu. Seneti haikuupitisha. Kwa maoni yangu ni dhuluma: mtu anavuna msimu baada ya msimu, na bado sheria inamwona mpita njia.

Tunu: Je, mvua ikiharibu mazao kazi ikapungua?
Jibu: Kuna dhamana ya robo tatu. Mkataba ukiwa wa siku 100 za saa 8, yaani saa 800, mwajiri lazima akupe angalau saa 600 au akulipe pengo. Ukiacha mwenyewe, au ukifukuzwa kwa kosa, umeipoteza.

Mzee_wa_Daftari: Naongezea: kila jioni andika saa ulizofanya kazi, zilinganishe na hati ya malipo.
Jibu: Naam mzee. Na picha ya mkataba wamtumie mtu wa nyumbani kabla ya kupanda ndege.