Kuchora fonti ya vipande inayoweza kuandika "Mwanakwerekwe"

Dereva mmoja wa daladala Zanzibar alitaka stika ya kioo cha mbele yenye njia yake kwa maandishi ya kalkuleta: 502 BUBUBU. Nikapakua fonti ya bure, nikakata, nikabandika. Utingo akaisoma kwa sauti: "Nane-u-nane-u-nane-u!" Stika nikaibandua kwa hasara yangu.

Fonti haikuwa na kosa. Vipande saba vinavyounda maandishi ya kalkuleta vilibuniwa kwa ajili ya tarakimu: humo B kubwa ni 8 ile ile, D ni 0, na K, M, W hazina pa kukaa. Kiswahili bila hizo tatu hakiendi. Chora vipande 14.

1. Fungua FontForge (programu ya bure ya kutengeneza fonti), em (kimo cha eneo la kuchorea herufi) iwe uniti 1000. Kila herufi ipewe upana wa 600, hata I.

2. Kila kipande kikae kwenye nafasi yake tupu. Chora cha juu kwa nukta hizi: (110,660), (150,700), (450,700), (490,660), (450,620), (150,620). Kinakili, kishushe 620, ndicho cha chini. Cha kushoto juu: (100,650), (140,610), (140,400), (100,360), (60,400), (60,610). Nakala yake isogeze kulia 400, kisha nakala za vyote viwili zishushe 310; kuta nne tayari.

Pengo kwenye kona litakuwa kama uniti 14. Usiliondoe! Vipande vikigusana, sura ya taa inapotea. Kwenye herufi ya sentimita 5 hiyo ni milimita moja. Chini ya hapo kisu cha mashine yangu hung'oa ncha.

3. Cha katikati kiwe nusu mbili, ya kwanza ikiishia 290, ya pili ikianzia 310. Nguzo mbili za katikati ni nakala za kuta za kushoto zilizosogezwa kulia 200, ila ya juu ikate kwenye 600 na ya chini kwenye 100, la sivyo zitaingia ndani ya vipande vya juu na chini. Mshazari (kipande cha kutoka kona kuelekea katikati) chora mmoja tu, mitatu iliyobaki ipate kwa kugeuza nakala zake.

4. Unga herufi kwa "Copy Reference" na "Paste Into". "Paste" ya kawaida hufuta ulichoweka mwanzo; mimi ilinila jioni nzima.

M ni kuta nne na mishazari miwili ya juu. W, ya chini. K ni kuta za kushoto, nusu ya kushoto ya katikati, na mishazari miwili ya kulia. B ni juu, chini, kuta za kulia, nguzo zote mbili na nusu ya kulia. D ni hiyo hiyo bila nusu.

Kwa king'ong'o (alama ya ' kwenye NG'), nguzo ya juu peke yake inatosha.

5. Andika BUBUBU, MWANAKWEREKWE, NG'AMBO. Mpe mtu asome akiwa hatua ishirini.

6. Ukitaka ilale kama saa ya msikitini, hifadhi nakala ya faili, tumia "Unlink Reference", kisha ilaze digrii 10. Toa faili la fonti la TTF.