Toleo la 10 la Visual FoxPro halikuja: namna ya kuvuka ukuta wa GB 2

Machi 2007 Microsoft ilitangaza kwamba Visual FoxPro 9, zana yake ya kuunda programu za hifadhidata, haitapata mrithi, na Januari 2015 huduma zake zikakoma. Waulize wanaoitumia hadi leo wangetaka nini katika toleo la 10, utasikia yaleyale: jedwali kubwa kuliko GB 2, Yunikodi (mfumo wa kuandika herufi za lugha zote), na biti 64. Biti 64 iwekeni kando. Hayo mengine mawili yanapatikana kwa sehemu kubwa bila kuandika upya fomu na ripoti zote.

Anza kwa kupima. Ukomo wa GB 2 ni wa kila faili peke yake, iwe .dbf (rekodi zenyewe), .fpt (memo, yaani maandishi marefu) au .cdx (faharasa):

ADIR(aF, "mauzo.*")

Safu ya pili ya aF ni ukubwa kwa baiti. Ukigonga ukuta utapata kosa namba 1190, na kwa kawaida ni saa ambayo foleni iko mlangoni. Faili likifika GB 1.5, anza kazi.

Mara nyingi linalovimba ni .fpt. Memo ikirefuka kupita nafasi yake, huandikwa upya mwishoni mwa faili, na nafasi ya zamani inabaki mfu. Dawa ya muda ni kufungua jedwali kwa EXCLUSIVE (peke yako, wengine wakiwa nje) na kutoa amri PACK MEMO, inayoondoa nafasi hizo mfu. Kabla ya hapo nakili .dbf, .fpt na .cdx pembeni, maana umeme ukikatika katikati ya PACK unaweza kubaki na jedwali bovu.

Dawa ya kudumu ni kuhamishia data kwenye seva ya hifadhidata kama PostgreSQL au SQL Server, FoxPro ibaki na fomu. Hapa ndipo watu wengi hukwama, tena kwenye jambo dogo. FoxPro ni ya biti 32, kwa hiyo draiva ya ODBC (kiungo kati ya programu na seva) nayo lazima iwe ya biti 32, na DSN (jina lenye mipangilio ya muunganisho) uitengeneze kwa C:\Windows\SysWOW64\odbcad32.exe. Jina la folda linadanganya: iliyo ndani ya System32 ndiyo ya biti 64, na ukiitumia hiyo utalalamikiwa kwamba draiva na programu havilingani.

Ukishaunganisha kwa SQLCONNECT(), ambayo hurudisha namba ya muunganisho (hapa h), peleka data hivi:

SQLSETPROP(h, "Transactions", 2)
n = SQLEXEC(h, "INSERT INTO wateja (jina, tarehe) VALUES (?m.jina, ?m.tarehe)")

Mstari wa kwanza unazuia kila rekodi isithibitishwe peke yake. Toa SQLCOMMIT(h) kila baada ya rekodi 5,000 hivi. Ukisahau ile ya mwisho, kundi la mwisho halitahifadhiwa. Alama ya kuuliza nayo si pambo. Ukiunganisha maandishi kwa alama ya kujumlisha, mteja wa kwanza mwenye jina kama Ng'wandu atavunja amri yako, kwa sababu ile ritifaa inafunga maandishi kabla ya wakati. Kila mara kagua n: ikiwa ni -1, AERROR() itakueleza kilichotokea. SQLEXEC haipigi kelele yenyewe.

Tarehe tupu ni mtego mwingine. FoxPro inaikubali, SQL Server haina kitu kama hicho, na utakuja kukuta wateja waliojiandikisha 1899-12-30. Igeuze kabla ya kuipeleka:

m.tarehe = IIF(EMPTY(m.tarehe), .NULL., m.tarehe)

Linganisha idadi ya rekodi na jumla ya safu moja ya fedha pande zote mbili kabla ya kuachana na .dbf. Kumbuka kwamba SET DELETED ikiwa OFF, rekodi zilizofutwa bila PACK nazo huhesabiwa.

Kuhusu Yunikodi, usitarajie kisanduku cha kawaida cha FoxPro kionyeshe Kiarabu na Kichina pamoja. Kuhifadhi na kupitisha kunawezekana: weka UTF-8 (namna moja ya kuandika Yunikodi kwa baiti) kwenye safu ya memo yenye NOCPTRANS, inayoizuia FoxPro isibadilishe herufi, ukigeuza kwa STRCONV(c, 9) kwenda na STRCONV(c, 11) kurudi. Unapozungumza na Excel au Word kwa COM (njia ya Windows ya programu moja kuiendesha nyingine), toa SYS(3101, 65001) kwanza. Kosa la kawaida ni kugeuza mara mbili: ukiona "Ã©" badala ya "é", huenda kuna STRCONV iliyozidi, au ya kurudi iliyosahaulika, mahali fulani.