Vidoa vyeusi kwenye mwani: kagua kabla ya kufunga

Mkulima akiona kamba zake zimeota nywele nyekundu-nyeusi hudhani maradhi yameingia juzi. Mara nyingi yaliingia siku ile mbegu ilipofungwa kwenye kamba. Nywele hizo ni mwani mwembamba unaoota juu ya mwani mwingine. Huanza kwa vijimbegu visivyoonekana kwa macho, hunasa kwenye tawi na kuzamisha mizizi ndani ya ngozi yake. Ukifika hapo, kusugua hakusaidii.

Msafirishaji wake mkubwa ni kiroba cha mbegu. Mbegu za biashara zilizoanzisha kilimo hiki Unguja mwaka 1989 zilitoka Ufilipino, na tangu hapo tunapanda vipande vilivyokatwa kwenye mwani mzima. Kila kipande husafiri na wageni wake. Kati ya aina mbili za mwani zinazolimwa, kotonii huumia zaidi kuliko spinosum.

Kagua mbegu juani, tawi kwa tawi. Pitisha kidole taratibu: tawi lenye afya huteleza. Tope na utando wa kahawia hutoka ukisukasuka majini. Kidoa cheusi mfano wa ncha ya sindano, ambacho ndicho mwanzo wa nywele, hakitoki. Ukihisi vipele kama ngozi iliyosisimka kwa baridi, acha shehena hiyo yote, hata kama nusu yake inaonekana safi. Nywele zenyewe huchukua wiki kadhaa kujitokeza, kwa hiyo mbegu ngeni ikae kamba ya peke yake kwa muda wa mwezi, mbali na shamba. Kusema "upande wa chini wa mkondo" hakutoshi, maana maji kupwa na kujaa hugeuza mkondo kila siku.

Usichanganye na ule ugonjwa wa tawi kuwa jeupe, kulainika na kukatika. Huo huja mwani ukichoshwa na joto la kaskazi au mvua za masika zinazopunguza chumvi. Ila hufuatana: nywele zikidondoka huacha vitobo, bakteria huingia, tawi linaoza.

Shamba likishaingiliwa, usingoje wiki sita za mavuno zitimie. Vuna eneo zima katika bamvua moja, yaani siku za maji makubwa. Ukiacha kamba mbili tatu "zinazovumilika", ndizo zitakazoambukiza upya. Mwani mbovu upeleke nchi kavu, juu ya mstari wa maji kujaa. Wengi huutupa palepale shambani, na hilo ndilo kosa linalorudisha maradhi kila msimu. Kamba na taitai (vikamba vidogo vya kufungia mbegu) zisugue, zianike juani hadi zikauke kabisa kwa siku kadhaa kabla ya kufungia tena.

Unapofunga upya, acha sentimita 25 hivi kati ya kipande na kipande ili maji yapite. Msongamano hutuliza maji, tope hutua, vijimbegu vikapata makao. Tikisa kamba kila bamvua. Mbegu za msimu ujao zikate kwenye ncha changa zinazong'aa, si kwenye shina kuukuu, hata kama shina lina uzito zaidi.