Jinsi ya kuitambua na kuipiga picha pete ya jua

Kwanza lifiche jua. Simama mahali ambapo nguzo, shina la mti au ukingo wa paa unaliziba lote, ndipo uangalie anga inayolizunguka: pete ya jua ni duara la mwanga linalolizunguka kwa mbali. Miwani ya kawaida ya jua haikulindi, na kulichungulia kwa darubini kunaweza kuunguza macho bila kuhisi maumivu.

Siku ya kutafuta ni ile ambayo anga ina utando mweupe, mwembamba, wa mawingu ya juu sana, lakini vivuli bado vinaonekana chini. Mawingu hayo ni fuwele za barafu zenye pande sita. Mwanga unaopenya pande mbili zilizoachana kwa nyuzi 60 hupinda kwa takriban nyuzi 22 au zaidi, haupungui hapo. Ndiyo maana ndani ya pete pana giza kidogo, na wekundu uko ukingo wa ndani.

Hakikisha kwa kupima. Nyoosha mkono, tanua vidole, weka kidole gumba juu ya jua: ncha ya kidole cha mwisho itafika karibu na pete. Duara dogo linalolibana jua kwa nyuzi chache tu, wekundu ukiwa nje, ni kazi ya matone ya maji, si barafu.

Jua likiwa chini, kagua kushoto na kulia kwake, kimo kilekile. Huko hung'aa majua ya pembeni, yaani madoa angavu yanayotokana na fuwele bapa zinazoshuka zikiwa zimelala. Jua likipanda, madoa hayo husogea nje ya pete. Jua likipita nyuzi 60 hivi juu ya upeo wa macho, hutoweka. Likiwa chini ya nyuzi 32, inua kichwa kabisa: karibu na utosi wa anga huenda pana tao lililopinduka, lenye rangi safi kuliko zote. Wengi hulikosa kwa kutotazama juu tu.

Kwa picha, pete ina upana wa nyuzi 44, hivyo kamera yenye kihisi cha milimita 36 × 24 inahitaji lenzi ya milimita 24 au fupi zaidi. Ya 50 itaikata. Anza na ISO 100 (wepesi wa kihisi kupokea mwanga), f/11 (upana wa tundu la lenzi), sekunde 1/1000 (muda wa kuingiza mwanga), kisha punguza mwanga mpaka mawingu yaonyeshe umbo. Kwenye simu, gusa anga kando ya pete na ushushe mwangaza. Futa lenzi kwanza, maana alama za vidole hutawanya mwanga na kufifisha rangi. Ukitilia shaka doa lolote, zungusha kamera kidogo: likihama angani, limetoka kwenye lenzi.