Jinsi ya kufufua kompyuta ya 486 kwa vipuri vya kuokoteza

Bodi nyingi za 486, yaani kompyuta za zamani zenye prosesa ya 80486, zinazotolewa stoo ni nzima. Kinachoziua ni pupa ya kuzichomeka kwenye umeme ili kuona kama zinawaka. Fuata mpangilio huu: betri, pawa saplai, kisha bodi ikiwa na vitu vichache iwezekanavyo.

Hatua ya 1: Ng'oa betri

Kwenye bodi mama nyingi za zama zile, karibu na tundu la kibodi, kuna kipipa kidogo cha volti 3.6. Hiyo ni betri ya nikeli na kadimi, na hakuna kilichoharibu mashine hizi kuliko hiyo. Ikizeeka huvuja, na majimaji yake ya alkali hutambaa juu ya bodi yakila njia za shaba mpaka zikatike. Ukiona kutu ya kijani, au miguu ya chipu za jirani imekuwa ya kijivu badala ya kung'aa, ujue uharibifu umeshaanza. Hata ikionekana safi, itoe. Ikate miguu kwa koleo, kisha uyeyushe risasi na kutoa mabaki.

Chovya mswaki laini kwenye siki nyeupe na usugue palipoathirika. Siki ni asidi, hivyo huizima ile alkali, na mara nyingi utaona vipovu vikitoka. Suuza kwa maji yaliyokenekwa, pitisha spiriti safi ya kusafishia vifaa vya elektroniki, halafu acha bodi ikauke kabisa. Usiharakishe hapa.

Sasa weka mita kwenye alama ya mlio na ufuate njia moja moja zilizopita chini ya betri, mwanzo hadi mwisho. Isiyolia imekatika, iunge kwa uzi mmoja mwembamba wa waya. Njia za kibodi huathirika mapema kwa kuwa ndizo majirani, kwa hiyo bodi ikidai hakuna kibodi ilhali umeichomeka, rudi kwenye hatua hii.

Betri mpya ifunge mbali na bodi, kupitia pini 4 za betri ya nje kama zipo. Ukitumia betri ya sarafu ya CR2032 mahali pa betri ya zamani, lazima uweke diodi (kipuri kinachopitisha umeme upande mmoja tu) njiani: saketi ile ilitengenezwa kuchaji betri, na CR2032 haichajiwi.

Hatua ya 2: Pima pawa saplai

Kama hukuzoea kazi za umeme, usiifungue. Kapasita zake kubwa zinaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomolewa. Angalia pia swichi ya mbele ya kasha la AT, muundo wa makasha ya zama zile: inapitisha umeme wa ukutani wenyewe, hivyo viungio vyake visiwe wazi hata kidogo.

Ipe mzigo kabla ya kupima, kwa mfano diski kuu ya zamani usiyoihitaji, maana nyingi za aina hii hazitulii zikiwashwa tupu. Waya mweusi na mwekundu zikupe volti 5, mweusi na njano volti 12. Zikipotoka kwa zaidi ya asilimia 5, tafuta nyingine.

Plagi mbili za bodi, P8 na P9, huingia zikiwa na nyaya nyeusi pamoja katikati. Ukizibadilishana unaweza kuiunguza bodi papo hapo.

Hatua ya 3: Panga jampa

Jampa ni vifuniko vidogo vinavyounganisha pini za bodi, na ndivyo huiambia bodi volti na kasi ya prosesa. Soma maandishi yaliyo juu ya prosesa yenyewe. Prosesa ya DX2-66 ya kawaida hutumia volti 5 na basi (njia ya data kati ya prosesa na bodi) ya megahezi 33. DX4-100 hutumia takriban volti 3.3, na ukiipa 5 utaipoteza. Jedwali la jampa mara nyingi limechapishwa kwenye bodi.

Hatua ya 4: Washa nje ya kasha

Weka bodi juu ya kadibodi kavu ikiwa na prosesa, RAM, kadi ya video na spika, basi. RAM za pini 30 huwekwa nne nne, kwa sababu kila moja inatoa biti 8 na prosesa inataka 32. Ya pini 72 inatosha moja. Futa meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli kabla ya kuichomeka.

Kisha sikiliza. Kwenye BIOS (programu ya bodi inayoiwasha mashine) ya AMI, milio 3 ni hitilafu ya RAM, 8 ni ya kadi ya video. Kwenye BIOS ya Award, mlio mmoja mrefu na miwili mifupi ni kadi ya video. Kimya kabisa kwa kawaida hunirudisha kwenye jampa au njia zilizokatika.

Hatua ya 5: Diski

Napenda sana mngurumo wa diski kuu za zamani, lakini kwa mashine ya kutumia kila siku naweka kadi ya kumbukumbu ya CompactFlash na adapta yake ya IDE, yaani kiungio cha diski cha zama zile. Kadi hizo zinaielewa IDE zenyewe. BIOS nyingi za wakati huo haziendi zaidi ya megabaiti 504, kwa hiyo kadi ndogo hukuepushia usumbufu. Kwa flopi, diski A hukaa mwisho wa kebo, baada ya pale nyaya zilipopindwa.

Washa kwa flopi ya DOS (mfumo endeshi wa zama zile), gawa kadi kwa FDISK, washa mashine upya, kisha andika FORMAT C: /S. Ikishawaka yenyewe, nakili mpangilio wa jampa kwenye karatasi na uibandike ndani ya kasha.